Spika za Marehemu Ishwarlal

Jitesh aliposhuka kwenye gari mbele ya fremu ya fundi Abeid pale Mabatini, Moza alijua kabla hajafungua mdomo kwamba hii ni kazi nzuri, na kazi nzuri siku hizi ndiyo ya kuogopa. Kazi ndogo ndogo hazina neno. Mtu analeta redio ya baa, anataka ilie, ikilia anaondoka zake. Lakini mtu wa kuvua miwani ya jua na kusema "Shikamoo, mzee Abeid" kwa adabu zote, huyo ana spika ya maana nyumbani kwake, na spika ya maana inataka fundi mwenye masikio.

Abeid aliitikia marahaba kwa sababu aliuona mdomo ukisema shikamoo. Yaliyofuata aliyapata nusu nusu. Masikio yalikuwa yakimwacha kidogo kidogo, yakianzia sauti za juu. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, kisha mlio wa simu, kisha herufi nyembamba nyembamba za maneno ya watu. Besi bado aliisikia, na ngoma, na lori likipita. Mji mzima ulikuwa ukimletea spika zake, Wahindi wa mjini, misikiti, kwaya za makanisa, wapiga muziki wa harusi, na katika mji mzima aliyejua kuwa fundi hasikii ni mkewe peke yake.

Walikuwa na utaratibu wao. Moza alishona nguo hapo hapo mlangoni kwa cherehani ya kukanyaga, na meza ya Abeid ilikuwa ndani ikimtazama. Mteja akija kuchukua spika yake, Abeid aliiunga, akaweka nyimbo aliyoitaka mteja, akakunja mikono, akainamisha kichwa kama mafundi wanavyofanya, huku macho yake yako kwenye gurudumu la cherehani. Likizunguka, mambo sawa. Likisimama, kuna kasoro. Moza akishika mtandio utosini, sauti nyembamba imezidi. Akipapasa goti, besi imepungua. Hapo Abeid alikunja uso na kusema hapana, hajaridhika, akafungua tena. Wateja walimsifu kwa kuwa mkali wa kazi. Moza aliusomea ufundi ule bila kufundishwa na mtu, wala hakutafuta shukrani, maana chakula kilikuwa kinapikwa sufuria moja.

Jitesh alieleza shida yake. Baba yake, marehemu Ishwarlal, aliacha sebuleni spika mbili kubwa za zamani, maboksi ya msaji mtupu, zilizokuwapo tangu Jitesh hajazaliwa. Mbao bado zinang'aa, ila za ndani zimechoka. Sponji inayoshika besi pembeni imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama makombo ya keki, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, upande mmoja imekufa na mwingine inakoroma. Mwaka wa mzee unatimia karibuni, ndugu wanakuja kutoka Dar na Kampala, na familia inataka kukaa pamoja isikilize santuri zake. Abeid alimwambia angeweza kubandika sponji mpya tu na kubadili twita, boksi likabaki na roho yake. Jitesh hakutaka viraka. Alitaka zote zitolewe, ziwekwe mpya za kisasa, orijino, na mbao zibaki kama zilivyo. Gharama isimtie wasiwasi.

Kisha akatoa sharti. Maboksi hayatoki nyumbani. Mama yake, Jasuben, amekataa kata kata. Kitu chochote ambacho mzee alikiweka kwa mkono wake hakiondoki mahali pake mpaka mwaka upite. Fundi itabidi aje afanyie kazi sebuleni.

Gurudumu la cherehani likasimama. Hakukuwa na spika iliyokuwa ikilia. Abeid aliliona, akageuza macho.

"Nitakuja," alisema.

Jioni ile walitembea kurudi nyumbani bila Moza kusema kitu, maana barabarani na Abeid huwezi kunong'ona. Walipoingia ndani ndipo alipomkabili. Alimwambia ile kazi aiache, aseme mgongo unamsumbua, amtafutie Jitesh fundi mwingine. Abeid alijibu kwamba kodi ya fremu imekaribia, na kwamba yeye amefungua spika za Wahindi wa mji huu kabla Moza hajamjua.

"Ulizifungua unasikia," Moza alisema.

Abeid aliinamia viatu vyake, akawa anafungua kamba polepole. Kwa hili Moza hakuweza kujua kama amesikia akajifanya, au kweli hakusikia. Ndiyo taabu ya kuishi na mtu wa namna hiyo. Unagombana naye, halafu hujui kama mmegombana.

Akajaribu njia nyingine. Basi waende wote, yeye amshikie tochi na bisibisi. Abeid alicheka kicheko kisicho na furaha. Fundi anakwenda nyumbani kwa watu na mkewe, kwa sababu gani? Watu wataanza kuuliza, na akianza kuulizwa, mwisho wake unajulikana. Moza akamkumbusha habari ya hospitali, kile kifaa cha kuvaa sikioni ambacho daktari alikitaja. Bei yake ilikuwa imewatoa jasho, lakini Abeid hakuwa ameikataa kwa bei. Aliikataa pale pale mbele ya daktari, kwa maneno ambayo Moza hajayasahau: fundi wa spika kuvaa kidude sikioni, bora atembee na bango.

Kwa hiyo walikwenda wote hadi dukani kwa Bashiru muuza spea, na hapo mwisho wa safari ya Moza. Bashiru aliyafungua maboksi ya spika mpya mbele yao, wakakagua moja moja, muhuri, sumaku, waya. Zilikuwa orijino kweli kweli, na Bashiru alikula kiapo asichoombwa. Abeid alikuwa na mfuko wake wa vifaa, ikawa Moza ndiye aliyezibeba zile spika kichwani mpaka nyumbani, shingo ikimuuma.

Siku ya kazi, Abeid aliondoka asubuhi amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi. Moza alikaa fremuni akashona mkono wa gauni upande usio wake, akaufumua, akaushona vilevile tena. Mwenye gauni alikuja akalikuta halijaisha, akasema maneno yake, akaenda. Moza alikuwa akizifuata spika kwa mawazo: sasa ametoa za zamani, sasa anachomelea waya, sasa anaweka muziki. Na akiweka muziki, atamtazama nani?

Alirudi mchana kweupe, anatabasamu, na kifurushi cha ladu, zile tamutamu za Kihindi, alizopewa na Jasuben. Moza hakuwa amemwona hivyo kwa muda mrefu. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akasimulia. Maboksi yale, alisema, watu wa siku hizi hawayawezi, kila kona imeshikana, ndani wameweka pamba kama godoro. Spika mpya zimekaa kana kwamba zilipimiwa humo. Za besi alizijaribu kwa betri ya tochi, alizigusisha waya akaona zote mbili zinasukuma mbele kwa pamoja, akaweka na kiganja akausikia mtetemo wake. Hapo hakukosea, hapo anaapa. Baada ya hapo wakamkalisha kwenye kiti cha marehemu mwenyewe, wakaweka santuri, akasikiliza mpaka mwisho, akawaambia safi kabisa. Yule mama alitoa machozi.

"Na twita?" Moza aliuliza. "Ulijuaje zinalia?"

Abeid alimtazama mdomo. Alimwelewa.

"Nyuma ya kila boksi kuna kidude cha kuzungusha," alisema. "Cha kupandisha na kushusha sauti ya twita peke yake. Nilizungusha mpaka nikaisikia."

Moza aliweka gauni kando. Kama Abeid aliisikia, basi wenye masikio yao imewatoboa. Alitaka kumwambia hapo hapo avae viatu warudi, waseme amesahau bisibisi, wakirudishe kile kidude mahali pake. Lakini Abeid alikuwa anakula ladu huku akifunga macho kwa utamu wake. Moza akaona haya kumharibia. Akachukua ladu moja, akala na yeye.

Simu ya Jitesh iliingia kwa Moza, kwa sababu simu za fundi zilikuwa zinapokewa na Moza. Huwa anasema fundi ana solda ya kuchomelea mkononi, aachiwe ujumbe. Safari hii Jitesh hakusema mzee Abeid. Alisema, mwambie fundi aje leo hii, na aje na spika zangu au na hela zangu.

Moza alifunga fremu. Hakuuliza kama anaruhusiwa kwenda, na Abeid, baada ya kumtazama usoni, hakusema asiende.

Nyumba ya marehemu Ishwarlal ilikuwa mjini, ghorofani, juu ya duka la vyombo. Walivua viatu mlangoni. Hawakuambiwa karibu, hawakuambiwa kaeni, wakabaki wamesimama kwenye zulia kama watu waliokuja kuomba kazi. Jasuben alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mwanamke mdogo wa umbo katika sari nyeupe, akaitikia shikamoo yao kwa kichwa. Maboksi mawili ya msaji yalisimama kila moja upande wake, mazuri kwa kweli, na spika mpya nyeusi ziling'aa ndani yake. Jitesh hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya santuri, akaishusha sindano.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyimbo ya Kihindi ya zamani. Moza alifumba jicho moja bila kutaka. Kila neno la yule mwimbaji lilikuwa linakaangwa. Kila pumzi yake ilitoka na mluzi, na ngoma ya nyuma ilisikika kucha tupu, haina tumbo. Ndicho kile kidude, nyuma ya yale maboksi, kimezungushwa mpaka mwisho. Hata mtoto angejua. Akageuka kumtazama mumewe. Abeid alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameikunja, ametulia, uso wa mtu aliyeridhika na kazi yake. Moza alitamani zulia lile limfunike.

"Unaisikia hiyo?" Jitesh aliuliza.

"Naisikia," alisema Abeid.

"Unasikia nini?"

Abeid akatafuta mikono ya mkewe. Moza alishika mtandio utosini, akaushikilia hapo. Abeid aliona. Moza aliona kwamba ameona, kwa sababu rangi ilimshuka usoni. Akatazama boksi, akatazama nyuma ya boksi. Ilikuwa ni hatua chache na kuzungusha mkono tu. Lakini alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti mbele ya watu hawa akasema safi kabisa. Akikizungusha leo nyimbo ikatengemaa, ataulizwa swali moja tu: juzi ulikuwa unasikiliza nini?

Akabaki amesimama.

Jitesh alizima mashine. Alisema ameulizia kwa watu. Ameambiwa mafundi wa huko Mabatini wana mtindo, wanapewa pesa za orijino, wanachomeka feki, halafu orijino inakwenda kwa mteja mwingine. Yeye hakutaka kuamini, kwa sababu marehemu alikuwa akimtaja Abeid kwa jina zuri. Wageni wanafika wiki hii. Amewaambia watu wote kwamba spika za mzee zimefufuliwa.

"Umeniwekea feki, fundi," alisema, na sasa sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Sema tu. Kama ulikuwa na shida nyumbani si ungeniambia?"

Abeid hakuhitaji kusikia kila neno. Aliangalia zulia. Kisha akasema kwa taratibu kwamba apewe siku kidogo, atazitoa hizo na kuleta nyingine.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nimesema nitakuletea nyingine, bwana Jitesh."

Hizo nyingine zingetoka wapi, Moza alijua. Zingetoka kwenye kodi ya fremu, na kodi isipotosha, kwenye cherehani yake. Lakini si hilo lililomshtua. Lililomshtua ni kwamba mabega ya Abeid yalikuwa yameshuka. Mtu ameitwa mwizi mbele ya mkewe, kwenye nyumba ya watu, na amepata nafuu. Na Moza alimwelewa, hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Fundi mwizi mjini hapa si habari. Mafundi wote wanaitwa wezi. Mteja anakuja na kigoda chake, anakaa pale pale akimsimamia fundi mpaka kazi iishe, na mwaka ujao anarudi. Lakini fundi wa spika asiyesikia, huyo watu watamcheka kwanza, kisha watamhurumia, na baada ya kumhurumia hawatamletea hata redio ya mkononi.

Alikuwa amechagua. Na Moza angeweza kumwachia chaguo lake, wakavaa viatu vyao, wakashuka ngazi.

"Hajaiba," alisema Moza.

Abeid alimwona akisema. "Mama Nusrat," alimwita, kwa kumzuia.

"Hajaiba. Spika hizo ni zile zile za dukani kwa Bashiru. Nimezibeba mimi kwa kichwa changu. Kama mnataka, aitwe."

"Sasa kwa nini zinalia hivi?" Jitesh aliuliza. "Na kwa nini yeye mwenyewe anakubali?"

"Nyamaza," alisema Abeid. Alisema kwa sauti ndogo sana, kama anaomba maji.

Moza alikuwa ameshafika mbali, na kurudi aliona ni mbali vilevile.

"Hasikii," alisema. "Mume wangu hasikii. Sauti nyembamba zimemwondoka kabisa. Zungusha hicho kidude cha nyuma, kirudishe katikati. Utaona."

Chini, dukani, mtu alikuwa akigonga masufuria kuyapima uzito wake. Jitesh alimtazama Moza, akamtazama Abeid, kisha akaenda nyuma ya boksi la kwanza akainama, akaenda la pili akainama. Akarudi akaweka sindano.

Yule mwanamke akaimba. Safari hii alikuwa na kifua, ngoma ikawa na tumbo, na maneno yakatoka yameiva. Ilikuwa kazi safi. Moza, ambaye alikuwa amesikiliza spika nyingi kuliko mafundi wengi wa mji ule, alijua kwamba hii ndiyo kazi bora aliyowahi kuisikia kutoka mikononi mwa mumewe, na kwamba hakuna njia ya kumwambia hivyo kwa wakati huu.

Jitesh alisimama katikati ya sebule akijikuna shingo. Aibu ilikuwa imemgeukia yeye, na mtu mwema akipatwa na aibu hufanya mambo ya ajabu. Alimwendea Abeid, akamshika bega, akamsogezea uso karibu, akafungua mdomo mpana kama anayezungumza na mtoto aliye ng'ambo ya barabara.

"POLE SANA, MZEE! SIKUJUA! NISAMEHE! KAZI NZURI!"

Lile jina la mzee alilokuwa amemnyang'anya alimrudishia kwa kelele. Abeid alitikisa kichwa, akasema hamna neno. Jitesh akamwongoza kwa kumshika mkono hadi mlangoni, akamsaidia kutafuta viatu vyake, kana kwamba na macho nayo yamekwenda.

Moza alitaka kuwafuata, lakini Jasuben alikuwa ameinuka, na kumbe alikuwa amekuja mpaka nyuma yake. Alimshika kiwiko. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa mji huu na kuuza duka mji huu.

"Mimi nilijua toka siku ile," alisema polepole. "Mzee wangu alikuwa anakizungusha kile kidude hivyo hivyo, mpaka mwisho. Miaka mingi. Kichwa kinaniuma, mimi nakaa naye, nasikiliza. Juzi fundi alipomaliza, ikatoka ile sauti ile. Nikasema, jamani, amerudi."

Moza aliuliza alichoweza kuuliza. "Ulimwambia?"

"Hapana." Jasuben alitazama kiti cha marehemu. "Amekufa hajui. Wewe umesema. Mimi nilishindwa."

Alimwachia kiwiko. Moza alishuka ngazi akijaribu kuamua kama amesifiwa au amelaumiwa, akafika chini hajaamua.

Walitembea. Jua lilikuwa kali na upepo wa ziwani haukufika huko mitaani. Abeid alitangulia, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa kuwa kwa kawaida alimweka Moza upande wa barabara ili amvute gari likija. Moza aliharakisha, akamkuta, akashika upande wake.

"Ungeniacha niwe mwizi," alisema Abeid.

Moza alimgeukia ili amwone mdomo. "Ungekuwa mwizi ningekuletea chakula kituoni. Ndivyo ulivyotaka?"

"Wizi ningeulipa, ukaisha. Hili ninalilipa vipi?"

Hakuwa amekasirika. Hasira ingekuwa afadhali. Alikuwa amechoka tu, na uchovu ule ulimpata na Moza, akatamani kukaa kwenye ukingo wa mtaro pale pale. Alitaka kumwambia kwamba hata yeye amechoka kuwa masikio ya mtu bila mtu kujua, kwamba ameshona kwa miaka huku akisikiliza, na hajawahi hata siku moja kuisikia nyimbo kama nyimbo. Hakusema. Maneno marefu kama yale ungelazimika kuyapigia kelele.

"Yule mama alikuambia nini?" Abeid aliuliza.

Moza alisimama. Watu walikuwa wakipita, na mama mmoja mwenye beseni la dagaa alikuwa amekaa hapo karibu akiwatazama. Huko nyuma angeyahifadhi maneno mpaka nyumbani. Alipaza sauti.

"Amesema mume wake naye alikuwa hivyo hivyo. Hakumwambia mpaka amekufa."

Mwenye dagaa aligeuza uso haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Abeid alilifikiria jambo hilo. "Bahati yake," alisema, akaendelea kutembea.

Habari zilifika Mabatini kabla ya wao kuzoea wenyewe. Jitesh hakuwa na nia mbaya. Aliwaambia watu kwa kumsifu, kwamba kuna fundi kiziwi anafanya kazi kuliko wenye masikio, na sifa ile ilifanya madhara yote ambayo tusi lingefanya. Bashiru, ambaye walikuwa wakizungumza naye siku zote kama watu, sasa alianza kumsalimia kutoka upande wa pili wa barabara kwa kelele na kupunga mikono. Wateja wawili walikuja kuchukua redio zao ambazo hazijaguswa, wakasema wamepata safari. Mmoja hakujisumbua hata kusema ni safari ya wapi.

Nyumbani Abeid alikula chakula, akashukuru, akalala. Hakumnunia Moza. Alimwambia yaliyo ya lazima, hela ya mkaa, ufunguo, na basi. Binti yao Nusrat alipiga simu kutoka Usagara alikoolewa, akasikia sauti ya mama yake, akauliza kuna nini. Moza akasema hakuna kitu, mwanangu, joto tu.

Ndipo akaja Mashimba.

Alikuwa mtu wa kwaya moja ya kanisa huko Kiseke, mnene, mpole, na alibeba mwenyewe kifuani spika nzito ya kanisa iliyopasuka koni, ile karatasi ya mbele. Alimpita Abeid mezani pake kana kwamba amepita kabati, akaiweka spika chini karibu na cherehani, akamwinamia Moza.

"Mama, shikamoo. Samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Hii besi yake imekufa na tuna mkutano wa Injili. Sasa nasikia fundi ana matatizo ya... Je, anaweza kweli, au niende kwingine? Niambie ukweli."

Moza alifungua mdomo kumjibu. Miaka yote hii alikuwa ndiye wa kujibu, simu, wateja, wakusanya kodi, majirani. Maneno yalikuwa yamejipanga yenyewe: anaweza, baba, usiwe na wasiwasi, acha hapo. Lakini akayaona mabega ya Abeid kule ndani, yamemgeukia, yamesimama, na akakumbuka kuwa ameshamsemea mtu huyu sebuleni kwa watu, na kumsemea kwenyewe ndiko kulikowafikisha hapa. Akafunga mdomo. Akaichukua nguo iliyokuwa magotini akaanza kuikunja, ingawa haikuwa imekwisha.

Mashimba alisubiri, akachanganyikiwa.

Solda iliwekwa chini mezani. "Wewe bwana," alisema Abeid.

Mashimba aligeuka.

"Wa kuulizwa habari ya spika ni mimi. Niulize mimi." Alikohoa. "Ila paza sauti. Mimi sisikii vizuri."

Mashimba alimtazama Moza kuomba msaada. Moza alikuwa anatazama pindo la gauni. Basi mtu wa kwaya alivuta pumzi na kuuliza tena, kwa sauti ya kanisani, na wauza nyanya wa upande wa pili walinyanyua vichwa vyao vyote. Fundi, unaweza kuitengeneza hii, au huwezi?

Abeid hakuwatazama wauza nyanya. Alisubiri mpaka swali likaisha, akainuka, akaja akachuchumaa mbele ya ile spika, akaweka kiganja kwenye koni iliyopasuka na kuibonyeza taratibu.

"Kuifunga nitaifunga mimi," alisema. "Ikiisha, kuisikiliza ataisikiliza mke wangu. Yeye ndiye anayesikia. Akisema bado, naifungua tena."

Kisha akauliza mkutano unaanza lini.